Pudini ya Pili

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili na robo jioni. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Daftari ninalo hapa mapajani, lina doa la siagi pembeni, na leo nimelitoa sandukuni kwa kuwa mama kapika pudini ya mayai ya Idi na mimi nimeshindwa kuimaliza. Basi kaa nikuhadithie, maana sijawahi kumwambia mtu yote.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shangazi yangu, dada yake baba, ni muuguzi London, na alikuwa amenitumia tiketi ya ndege nikamtembelee likizo. Wiki moja kabla ya safari bibi, mama yao, alianguka uani kwake Ngamiani, Tanga, akalazwa. Nikasema siendi. Bibi akaniambia kutoka kitandani, "Nenda. Kwani wewe daktari?" Kisha akamtuma mama aninunulie daftari. "Andika kila utakachokula huko. Ukirudi utanisomea."

Ndivyo alivyokuwa bibi. Mtu akirudi safari wengine humuuliza ameona nini. Yeye alikuwa akimwacha atue mzigo tu, kisha, "Haya, mmekula nini huko?" Na ukijibu "wali" hakuridhika. Wali gani, na nini, nani kapika, uliiva?

Kwa hiyo kule London nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitarudi nimechelewa na daftari langu. Kila asubuhi nilimuuliza shangazi, "Bibi kaamkaje?" na kila asubuhi nilihesabu siku. Jumamosi ile zilibaki tisa.

Sasa nikwambie ambacho sikukijua wakati ule. Tulipovuta viti saa kumi na mbili na robo, bibi alikuwa ameshafariki tangu mchana. Shangazi alipigiwa simu akiwa kazini, hospitali. Mezani tulikuwa wanne: shangazi, mumewe ambaye sisi watoto tunamwita Mjomba, binti yao wa miaka saba, na mimi. Wawili walijua. Wawili hatukujua.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa Kifaransa, mdogo, katikati ya mji. Shangazi aliniahidi tangu siku ya kwanza, kwa sababu shuleni nilikuwa nimeanza Kifaransa na alitaka niagize mwenyewe. Kwenye treni kutoka Queensbury, mtaa wanakoishi, nilijifunza salamu yangu kimoyomoyo vituo vyote. Meza zilibanana hadi kiwiko changu kilikuwa karibu na supu ya mama wa meza ya pili. Vyakula viliandikwa kwa chaki ukutani. Mhudumu alikuwa mzee, nywele nyeupe, aproni ndefu hadi miguuni. Aliponiinamia, yale yote niliyojifunza yakapotea. Nikamwambia, "Shikamoo."

Mjomba alicheka mpaka akashika meza. "Umempa heshima yake, mwache." Yule mzee naye akainamisha kichwa kama aliyeelewa.

Mjomba si mtu wa maneno. Nyumbani kwao Queensbury unaweza kukaa naye jioni nzima ukapata "mh" mbili. Siku ile hakunyamaza. Alisoma ukuta kwa sauti kama mnadi. "Hiki kina mvinyo. Hiki nguruwe. Hiki nguruwe kaogeshwa mvinyo. Hawa konokono."

"Wale wa shambani?" nikauliza.

"Wale wale. Kwenu wanakula mchicha bure, huku wanalipiwa."

Binamu yangu akasema kwa Kiingereza chake kwamba yeye anataka chipsi na asiwekewe konokono karibu. Yule mtoto anaelewa Kiswahili chote lakini hajibu kwacho. Bibi alikuwa akimwona kwenye simu tu, akimwimbia, naye akicheka.

Nilipata samaki mzima aliyekaangwa kwa siagi. Niliandika: samaki, siagi, ndimu, viazi vidogo vya mviringo, mkate mgumu nje laini ndani, hakuna pilipili. Shangazi alikuwa akiniongezea. Viazi vyake alivihamishia kwangu, mkate akanikatia. "Kula, mwanangu. Kula." Na yeye mwenyewe alikula, nakwambia ukweli, alikula sahani yake ikaisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza.

"Vitunguu," akasema, akionyesha supu ya yule mama jirani. "Vitunguu vya hawa vikali."

Nikaamini. Mtu mzima akisema vitunguu, ni vitunguu.

Kisha ikaja pudini. Ilitetemeka kwenye kisahani, kichwa cha rangi ya kahawia, mchuzi wa sukari iliyounguzwa umeizunguka. Nikatia kijiko mdomoni na nikawa uani Ngamiani, siku moja kabla ya Idi, nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Kazi yangu ilikuwa kupiga mayai kwa uma mpaka mkono ufe ganzi, kisha kupepea. Bibi aliunguza sukari chini ya sufuria mwenyewe, hakumwachia mtu, akamimina maziwa na mayai yenye iliki, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko. Hapo ndipo shida. Nilitaka kuona. Kila nikinyoosha mkono alinipiga kidoleni na mwiko. "Acha. Ukiifunua kabla haijaiva, inatoa machozi." Na kweli, mwaka mmoja niliifunua, ikatoka na maji. Aliila hiyo hiyo, akaninyooshea kijiko. "Onja ulichofanya."

Ya Wafaransa haikuwa na iliki. Lakini ilikuwa ile ile. Nikaomba ya pili, mimi ninayeona haya kuomba chumvi. Mjomba akasema, "Mletee, mletee hata tatu." Nikachukua simu nikamrekodia bibi ujumbe wa sauti pale pale mezani, huku nacheka. "Bibi, Wafaransa wamekuibia pudini yako. Hawana iliki, wamesahau kuiba. Nakula ya pili sasa hivi. Nimeandika yote."

Nikautuma. Shangazi akageuka kuusoma ule ukuta wa chaki, akausoma muda mrefu.

Tulirudi Queensbury jua bado lipo, saa mbili na nusu usiku, mwanga kama wa alasiri. Sikuwahi kuuzoea. Binamu alilala begani kwa baba yake, akapelekwa kitandani. Mjomba akarudi sebuleni, akaketi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, Mjomba. Nimeshiba sana."

"Haya. Bibi yako ametutoka."

Sikulia kwanza. Niliuliza saa ngapi. Akaniambia. Nikahesabu, nikamgeukia shangazi. "Mlijua? Mkaniacha nicheke?"

Shangazi alikuwa hajavua koti. "Mtu haambiwi msiba na njaa tumboni," alisema. "Ungesikia mchana usingekula leo wala kesho. Na hapa nyumbani ningekupikia nini kwa mikono hii?" Akaninyooshea. Hata vifungo vya koti vilikuwa vimeishinda. Ndipo nikakumbuka kwamba bibi yangu alikuwa mama yake. Lakini sikumwonea huruma. Nilimchukia, nasema ukweli. Nilikwenda chooni nikatapika samaki, viazi na pudini zote mbili.

Nyumba ya Ngamiani imepangishwa. Uani wameweka sementi. Mama anapika pudini yake kwenye jiko la gesi, haina makaa juu, ni nzuri, haina kosa. Ujumbe wangu ulikaa na alama moja ya kijivu hadi baada ya arobaini, simu ya bibi ilipowashwa. Kisha alama zikawa mbili. Sijui kama kuna aliyeusikiliza, na sijauliza. Nimesafiri mara mbili tangu hapo, Dodoma na Arusha. Nikirudi wananiuliza nimeona nini.

Asubuhi iliyofuata usiku ule, Jumapili, mazishi yalikuwa saa nne za Tanga, saa mbili za London. Shangazi alikaa chumbani na simu sikioni, akisikiliza watu wakiitikia dua. Binamu yangu akaamka, akaja jikoni na nywele zimesimama, anataka kujua mbona mama yake kafunga mlango. Mjomba akanitazama. "Mwambie wewe," akasema taratibu. "Mimi jana nimemaliza."

Nilimvutia kiti. Nikammiminia nafaka zake bakulini, maziwa, ndizi nikamkatia vipande. Alianza kuuliza tena. Nikasema, "Kula kwanza." Nikakaa mbele yake mpaka akainua bakuli akanywa maziwa ya mwisho.

"Umeshiba?" nikamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaliondoa bakuli.