"Wametuteka," Alisema Bi Radhiya

Ofisi ya mradi wa kituo cha samaki inautangazia umma kwamba mkutano wa kukusanya maoni uliofanyika Mbwajumali, kisiwani Pate, ulikwenda kwa furaha, uwazi na maridhiano, na kwamba wananchi wenyewe wamelithibitisha jambo hilo kwa lugha yao. Tangazo lina mhuri. Tulisome kwa heshima inayostahili, kisha tumtazame Huwaida, kwa kuwa furaha hiyo yote ilitoka mkononi mwake.

Huwaida Zein ni mchoraji asiyeajiriwa na mtu. Anaishi Mkomani, mjini Lamu, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na babake, na magazeti ya Nairobi humkumbuka yanapotaka picha ya jambo la Lamu na mpiga picha wao hataki kusafiri. Huchora papo hapo: mahakamani, kwenye mikutano ya chifu, kwenye harusi za wanawake ambako kamera haiingii. Hukaa pembeni na kalamu yake ya wino, na maneno anayoyasikia huyaandika ukingoni mwa karatasi, kama yalivyosemwa. Kazi hiyo haina kibali chochote isipokuwa kimoja: watu wamwache akae kati yao.

Hachori macho. Ami yake, Ustadh Idarus, alimwambia tangu utotoni kwamba sura iliyokamilika ni mzigo mzito siku ya hesabu, basi asiikamilishe. Nairobi wanauita mtindo wa kisasa. Taabu yake ni kwamba asiyechora macho hubaki kutazama vinywa, na Huwaida ametazama vinywa miaka mingi, vya waheshimiwa zaidi, maana ndivyo vinavyofunguka sana. Anajua jinsi povu linavyojikusanya pembeni mwa midomo neno maendeleo linapotajwa. Akitoka kwenye mkutano hawezi kula chochote chenye mchuzi mzito.

Siku ya Mbwajumali, waheshimiwa watatu waliketi kivulini mwa turubai wakaletewa sambusa. Wananchi waliketi juani wakaletewa hotuba. Ilipofika zamu ya maswali, alisimama Bi Radhiya, mjane mwenye shamba la minazi pale pale ilipopandwa mawe ya mipaka ya mradi.

"Bwana," akasema, "nti hini mumeipima kwa ndia ipi?"

Alikuwa akiuliza nchi hii, yaani ardhi, imepimwa kwa njia gani. Swali zuri. Mkurugenzi wa mradi, mtu wa bara, alimgeukia mwenzake huku shavu limejaa.

"Inchi? Mama anataka inchi! Mwambieni siku hizi tunapima kwa mita."

Wakacheka wote watatu. Huwaida aliwachora hivyo hivyo: koo wazi, nyama ya kusaga juu ya ulimi, uzi wa mate kutoka jino hadi jino. Mmoja alikohoa, kitunguu kikaruka kikatua juu ya ramani ya mradi, naye akakifuta kwa kidole kisha akakilamba kidole. Bi Radhiya akasubiri. Kicheko kikazidi. Akamwambia jirani yake, "Wametuteka," akaketi, na swali lake likaketi naye.

Katika midomo ya Pate na Amu, yaani Lamu, kuteka ni kucheka. Mtoto wa huko analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Huwaida aliliandika neno ukingoni, karibu na kichwa cha Bi Radhiya, akaupeleka mchoro Nairobi bila maelezo. Nani hueleza kucheka?

Asubuhi ya pili aliliona gazeti kwenye simu. Wale wanaume watatu hawakuwamo. Alikuwamo Bi Radhiya peke yake, picha imekatwa kifuani, na usoni ametiwa macho: makubwa, meupe, yametoka kama ya mbuzi aliyeona kisu. Juu yake, kwa herufi nene: WAMETUTEKA! Huwaida akampigia mhariri, Jerioth.

"Mumemtia mato!"

"Tumemtia nini?"

"Macho! Mimi sichori macho, Jerioth."

"Wasomaji wanataka macho, dada. Bila macho alikuwa anakaa kama kiazi."

"Na wanaume watatu je?"

"Hao walikuwa wanakula nafasi."

"Walikuwa wakila sambusa. Na wakimcheka. Hilo ndilo neno, kumcheka!"

"Aki? Lakini imesambaa vibaya sana. Watu wamelia."

Kabla ya adhuhuri walikuja wengine ambao hawakulia. Katika visiwa vile, ambako watu wamewahi kutekwa kweli, neno kutekwa halipiti ofisini likaachwa. Bi Radhiya alichukuliwa shambani kwake akapelekwa kituo cha polisi aeleze nani amewateka watu wa Mbwajumali na kwa nini hakupiga ripoti. Mwanawe Mselem alimpigia Huwaida simu, na hakuanza kwa salamu.

"Mamangu yuko ndani kwa kalamu yako. Ndoo hapa kituoni umtoe."

Huwaida akaufunga mchoro halisi kwenye nailoni, akapanda boti hadi gati la Mtangawanda, huko Pate, na kutoka hapo pikipiki. Alipoingia kituoni, mahojiano yalikuwa yamepamba moto. Bi Radhiya alikuwa amesimama.

"Waliokuteka walikuwa wangapi, mama?"

"Watatu."

"Walikuwa na silaha?"

"Walikuwa na sambusa."

"Usifanye mchezo na serikali. Waliwapeleka wapi?"

"Hawakwenda popote. Waliketi."

Huwaida akaifungua karatasi mezani. Ofisa aliinama, akavitazama vile vinywa vitatu, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyepigwa na harufu.

"Huyu si Mkurugenzi?"

"Ndiye. Anacheka. Kwetu ndiko kuteka."

"Na mbona hawa hawana macho?"

"Ami yangu amenikataza."

Ofisa akaandika jina la ami. Kisha akamwambia Bi Radhiya aende nyumbani na siku nyingine atumie Kiswahili. Bi Radhiya akauliza alichokuwa akitumia kilikuwa nini, lakini ofisa alikuwa ameshageukia simu yake.

Nje, Mselem alimpandisha mamake kwenye pikipiki. Huwaida akasogea aombe radhi. Bi Radhiya alimwekea mkono begani, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Usiniandike tena, mwanangu. Wala usimwandike mtu wetu."

Gazeti lilitoa masahihisho, chini kabisa ya ukurasa: "Tumefahamishwa kwamba katika lahaja ya huko, 'wametuteka' ni 'wametuchekesha'. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Si wametuchekesha," Huwaida alisema kwenye simu, polepole, kama anayemsomesha mtoto alifu. "Wametucheka."

"Si ni kitu moja?" akajibu Jerioth. "Mtu alicheka."

Ofisi ya mradi iliyasoma masahihisho hayo kwa makini kuliko ilivyowahi kusoma maoni yoyote, na jioni ile ile likatoka tangazo la furaha, uwazi na maridhiano. Mkurugenzi alimwandikia Huwaida mwenyewe. Aliomba mchoro halisi autundike mapokezini, ila kwanza yeye atiwe macho, na sambusa iondolewe. Huwaida alikwenda akanawa mikono kwa sabuni, ingawa simu haikuwa na uchafu wa kuonekana.

Mkutano wa pili wa maoni uliitishwa mwezi uliofuata, mahali pale pale. Kutoka Mbwajumali alihudhuria mtu mmoja, mwenye kukodisha viti.