Mistari Mitatu kwenye Simu ya Salha

Hainitoki akilini asubuhi ile ya kutanda uduvi, mwanangu, ingawa wenzangu niliokuwa nao majini karibu wote wameshatangulia. Nilikuwa mwari niliyetolewa ndani juzijuzi, na nilijiona nina nguvu kupita punda. Kutanda, kuwavua wale kamba wadogo kwa shuka, ni kazi ya wanawake. Maji yakitoka, mnaingia wanne, kila mmoja na pembe yake ya shuka, mnaikokota chini ya maji polepole, kisha mnainua kwa pamoja. Mmoja akilegea, uduvi wote unarudi baharini na wenzio wanakutazama.

Sasa wiki ile nilikuwa na tumbo la kuendesha. Nisikufiche. Siku mbili nzima sikutoka chooni, sinywi kitu ila maji ya mchele. Lakini mama alikuwa amenipeleka kwa mwalimu wa nyota wa mtaa wa pili, kama walivyofanya wengi wakati ule. Mwalimu akachukua jina langu na jina la mama, akajumlisha, akatoa, akasema nyota yangu imepanda mpaka mwezi uandame, na nitakachokishika kitanyanyuka. Simsemi vibaya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu. Ila hakuniuliza kama nimekula.

Basi nikaingia majini. Shuka ikajaa. Somo yangu Bi Mwanaidi, yeye aliyenifunda, akapiga kelele, "Haya, inueni!" Kilichonyanyuka siku ile, mwanangu, ni miguu yangu. Kichwa kilikwenda chini, nikanywa maji ya chumvi mpaka yakanitoka puani. Bi Mwanaidi akaacha pembe yake, akanishika kanga ya kifuani, akanivuta mpaka mchangani. Uduvi ukaenda zake.

"Nani kakutuma uingie majini na hali hii?"

"Nyota yangu imepanda, somo."

"Na tumbo lako limesemaje?"

Nikatema maji ya chumvi.

"Nakuuliza wewe. Nyota iko mbinguni, tumbo unalo hapo hapo. Umeliuliza?"

Mwenzetu mmoja akakamua kanga yake akasema, "Mwacheni, jamani. Leo tutakula wali kwa nyota." Wakacheka wote. Mimi nilinuna wiki nzima, lakini swali la Bi Mwanaidi lilikwisha kuniingia.

Nimekaa nalo miaka mingi bila kulihitaji sana. Mwaka huu nikalihitaji.

Mjukuu wangu Salha nakaa naye hapa Dunda. Anasomea uvuvi chuoni Mbegani, na kwa muda mrefu hapakuwa na mazungumzo mengine humu ndani ila mtihani wa kuogelea: unatoka ufukweni mpaka kwenye boti iliyotia nanga, unaizunguka, unarudi. Asiyetokea bila sababu ya kueleweka anarudia mwaka.

Na Salha ana kitu kwenye simu yake. Anaipa tarehe aliyozaliwa, simu inamchorea mistari mitatu inayopanda na kushuka kama mawimbi: mmoja wa nguvu za mwili, mmoja wa moyo, mmoja wa akili. Anasema kila mmoja una mzunguko wake wa siku kadhaa, unaozunguka tangu ulipotoka tumboni mwa mama yako. Mstari ukiwa juu, fanya mambo yako. Ukiwa chini, pumzika. Ukikatiza katikati, jihadhari. Ikawa hafui, hasomi, hachoti maji mpaka atazame. Siku moja nikamwambia atwange kisamvu, akanijibu mwili uko chini. Nikainua mwiko, nikamwambia, "Na mwiko uko juu." Akatwanga.

Nilidhani ni mchezo wa vijana, nikauacha. Kumbe ulikuwa unaota mizizi.

Asubuhi ya mtihani akaja kunipa shikamoo. Nikaitikia marahaba huku nimemshika mkono, na ule mkono unawaka. Macho mekundu, midomo imekauka, chai hakuigusa.

"Wewe unaumwa."

"Uchovu tu, bibi. Hebu tazama." Akanisogezea simu. "Mwili uko kileleni leo. Leo ndiyo siku yangu."

"Mimi sijui kusoma mawimbi ya simu. Paji la uso najua kulisoma, na hilo lako linachoma."

"Bibi, hii siyo ramli ya zamani. Hizi ni hesabu."

"Hata mwalimu wa nyota alikuwa na hesabu, na alijumlisha vizuri. Mimi nikazama."

Akachukua mkoba wake. Nikavuta kigoda, nikakaa katikati ya mlango. "Ukitaka kutoka, niruke."

Akasimama pale, binti mzima, anatetemeka, sijui kwa homa au kwa hasira. Kisha akaanza kulia. "Nitarudia mwaka, bibi. Wenzangu wataniacha." Hilo lilinichoma. Maana nilijiuliza, na kama ni uchovu kweli? Nimemharibia mtoto mwaka wake kwa ukaidi wa kizee? Lakini sikuondoka mlangoni. Baadaye kidogo akaketi sakafuni, na hakuketi kwa kupenda, magoti yalimwacha.

Nikamwita kijana wa bodaboda wa jirani. Tukapanda, Salha katikati, mimi nyuma nimemkumbatia.

"Ah, bibi! Leo na wewe mishikaki?" kijana akasema, maana ndivyo wanavyotuita tukipanda watatu.

"Endesha. Nyama hii inaungua."

Zahanati wakampima. Malaria, na imeshamkolea. Daktari akamuuliza alikuwa anakwenda wapi na homa ile. Salha akasema kuogelea, baharini. Daktari akaacha kuandika, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nakiona kichwa changu mwenyewe kinakwenda chini miaka ile, na Bi Mwanaidi ananivuta. Kule kwenye boti nani angemvuta?

Nikampigia mkufunzi wake. Nilijiandaa kugombana. Yule bwana akaniamkia kwa adabu, akasema, "Bibi, mgonjwa hatumtii majini. Akipona alete cheti cha daktari, tutampangia siku nyingine." Ndipo niliposhusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu mlangoni.

Alipopona, siku aliyopangiwa ikaangukia pabaya kwenye simu. Mstari wa mwili chini kabisa, wa moyo unakatiza. Akanionyesha. Nami nikamuuliza habari za mwili wake, kama Bi Mwanaidi.

"Umelala?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Si umeniona na viazi vyako, bibi?"

"Pana panapouma?"

"Hapana."

"Unaogopa?"

Hapo akafikiri. "Naogopa."

"Hiyo nayo ni habari. Mwambie mkufunzi akae karibu, kisha uingie."

Nikafuatana naye Mbegani, nikakaa mchangani na kikapu changu. Nikawa nakiona kichwa chake majini, kidogo kama kifuu cha nazi, kinakwenda, kinakwenda, kikapotea nyuma ya boti. Nikasoma kila dua ninayoijua, zilipokwisha nikazianza upya. Kikatokea upande wa pili.

Mkufunzi akapaza sauti, "Umepita!" Salha akanijia mbio, maji yanamchuruzika, anatweta, na neno lake la kwanza likawa, "Bibi, kikapuni mna nini? Nina njaa." Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa mtandio. Tumbo lilikuwa limesema lenyewe.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sisemi simu ni mwongo kwa kuwa Salha amepita. Angeweza kushindwa, watu wazima na afya zao wanashindwa kila siku. Nasema simu haikumjua. Ilichojua ni siku aliyozaliwa, na mbu aliyemuuma hakuuliza tarehe hiyo. Ukiamka na jambo kubwa mbele yako, anza kuuliza hapo ulipo: nimelala, nimekula, pana panapouma, naogopa nini. Ukiumwa, sema unaumwa, hata uambiwe leo ndiyo siku yako. Ukiwa mzima, nenda, hata uambiwe siyo yako. Uvivu usiupe jina la mstari. Na ukiwa na mtu anayekukalia mlangoni, usimruke.

Mwenyezi Mungu akupe mwili mzima na masikio ya kuusikia. Na kila utokapo majini, akukutanishe na mtu wako, ameketi, na kikapu kina kitu. Amin.