Anatua, Si Inatua

Mzee Obeid hakuacha kusahihisha watu hata siku moja. Ukienda kwake kulalamika, "Mzee, paka yako imekula samaki yangu," alikusimamisha mlangoni. "Paka wako amekula samaki wangu," alisema, akangoja uirudie sentensi yote. Ukishairudia, ndipo alipokuomba radhi kwa niaba ya paka.

Alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja. Ukoo wake ni wa Kisauni, watu wa duka na vitabu, lakini alijenga Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, katikati yetu sisi tuliotoka bara. Nadhani alituona kama kazi ambayo serikali ilisahau kumlipa.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwake, asubuhi moja, aliona kunguru mweupe kwenye ua wa uwanja wa ndege. Akaenda kuwaambia wenzake barazani kwa Zuhair, binamu yake.

"Huyo ni njiwa, yakhe," Zuhair alisema. "Kabadilishe miwani."

"Wallahi ni kunguru. Nimemsikia akilia."

"Basi lete picha."

Baraza zima likacheka. Mzee Obeid hakucheka. Neno lake lilikuwa limewapeleka watu jela na kuwarudisha wengine kwa watoto wao, na hakuna hakimu aliyewahi kumwambia alete picha. Akajaribu kwa simu. Zuhair aliitazama picha ile, akaikuza kwa vidole viwili, akasema amefurahi kuona punje ya mchele.

Ndivyo alivyofika studio kwa Lenox, kijana mpiga picha za pasipoti na harusi. Nilikwenda naye kwa sababu Lenox ni mtoto wa dada yangu, na nilitaka amhurumie.

"Nahitaji lenzi ya masafa marefu," mzee alisema. "Ya ndege."

"Umefika, mzee wangu. Hii itashika ndege hata ikiwa mbali aje."

"Akiwa."

"Akiwa nani?"

"Ndege."

Lenox akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Sawa, akiwa mbali. Ni ndege gani? Tai? Heroe?"

"Kunguru."

"Kunguru!" Lenox alionyesha mlango. "Mzee, si wamejaa hapo nje kwa taka? Hao unawapiga na simu ukikunywa chai."

"Mweupe," mzee alisema, na studio ikanyamaza kwa adabu, kama watu wanyamazavyo mgonjwa anapojisifu kwamba amepona.

Zililetwa lenzi tatu. Ya milimita mia tatu ilikuwa nyepesi, lakini mzee alikuwa amepima kwa miguu: kunguru yule hakubali mtu asogee chini ya hatua sitini. Ya mia sita ilimfikia vizuri, ila ilikuwa nene kama sufuria ya pilau na uzito wake kilo mbili. Ya tatu, mia nne, ilikuwa imeshatumika. Ilikuwa na uzito wa wastani, haina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na ilichelewa kidogo kumpata ndege anayeruka.

Mzee Obeid hakuchagua siku hiyo. Alirudi nyumbani, akachukua pakiti ya unga ya kilo mbili, akaishika mbele ya jicho barazani kwake, viwiko vimebana mbavu, akihesabu. Kila asubuhi, wiki nzima. Jirani yetu Wairimu aliniuliza kama siku hizi unga unakaguliwa. Siku ya saba mzee alikuwa bado anatetemeka akifika arobaini, naye kunguru hangojei hesabu ya mtu. Akachukua ile ya mia nne. Lenox, aliyekuwa ameisema vibaya wiki iliyotangulia, aliisifu papo hapo.

Siku kumi mzee alisimama kando ya ua wa uwanja. Siku ya kumi na moja kunguru alikuja, na mzee, kwa furaha, akampigia simu Zuhair kabla ya kupiga picha. "Nimemuona! Anatua! Sasa nampiga!" Mtu aliyeishi kwa kutopunguza neno la mwenzake, siku hiyo alipunguza neno moja lake mwenyewe, nalo lilikuwa "picha". Mlinzi wa pale alimsikia.

Nilipoitwa kituoni, Koplo Phineas alikuwa ameshaandika ukurasa mzima.

"Mzee, ulisema ndege inatua na utaipiga."

"Sikusema hivyo. Nilisema anatua, na nampiga."

"Si ni hiyo hiyo?"

"Afande, inatua ni eropleni. Anatua ni kiumbe. Nimeona watu wakifungwa kwa hiyo hiyo yako."

Alikataa kutia sahihi mpaka maelezo yasahihishwe. Alitoa kalamu yake nyekundu. Kwa hiyo jambo la dakika kumi likachukua tangu saa nne mpaka adhuhuri, na koplo, nadhani, alijifunza ngeli zaidi ya alizofundishwa shuleni.

Mwishowe wakafungua kamera. Picha ilikuwa moja tu. Lenzi ilikuwa imechelewa, ikashika kilichokuwa kikubwa: ndege ya abiria, imetoka wazi kabisa, hata misumari ya bawa unaihesabu. Pembeni palikuwa na ukungu mweupe.

"Hii ni mfuko ya plastiki," Phineas alisema.

"Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, afande," mzee alisema. "Ungewakamata wenye nayo."

Koplo akanigeukia. "Madam, wewe ni jirani. Umewahi kuona hii kunguru nyeupe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee alikuwa ananitazama, kofia yake magotini.

"Sijaiona," nilisema.

"Sijamuona," mzee alinisahihisha, polepole sana.

Wakaifuta picha, wakamrudishia kamera, wakamwonya. Lenzi ilirudi ndani ya sanduku lake, na barazani kwa Zuhair hakwenda tena. Miezi michache baadaye kifua kilimlaza. Akawa anapokea salamu zetu akiwa kitandani, dirisha wazi, na hata hapo alizipokea baada ya kuzinyoosha.

Jumanne moja nilikuwa naanika nguo. Juu ya tangi la maji la Wairimu alitua kunguru. Alikuwa mweupe mwili mzima, mdomo wa rangi ya waridi. Akalia ile sauti mbaya ya kunguru wote, akanitazama, akaruka kuelekea uwanjani. Niliacha beseni, nikakimbia na mikono yenye povu mpaka chumbani kwa mzee.

"Mzee Obeid! Ndege yako imerudi! Nimeiona, wallahi, nimeiona!"

Alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Amerudi," alisema. "Umemuona."