Kanga Mpakani mwa Shamba

Shule ilipofungwa Desemba, walimu wenzangu wote waliondoka Ngulyati kwenda makwao. Mimi nilibaki. Mama alikuwa amefariki katikati ya mwaka, nyumba yetu ya Muheza imefungwa kufuli, na sikuwa na wa kumwendea. Mvua ziliposhika nikapanda mahindi kwenye shamba nililokodi, nyuma ya nyumba za walimu.

Kesho yake nikakuta kanga wa porini wanafukua mbegu. Waliufuata mstari kana kwamba walikuwepo nilipokuwa napanda. Nikawafukuza, wakasogea, wakarudi. Basi nikawa nabeba kigoda na chupa ya chai, nashinda shambani nikipiga debe. Siku zilipita bila mtu wa kuongea naye. Nikajikuta nawasemesha ndege: "Nendeni huko jamani, si mna kwenu?" Sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Shamba lililopakana na langu lilikuwa la mzee mmoja mjane. Tulisalimiana kwa mbali tu. Asubuhi moja nikaona kanga wamelala mpakani, upande wake. Nilidhani wanaoga vumbi. Niliposogea hawakuruka. Mdomoni mwa mmoja kulikuwa na punje ya mahindi, na pale palinuka dawa ya kuulia wadudu wa pamba.

Ndege wale walikuwa wamenitesa. Hata hivyo nilipiga magoti nikalia, kilio ambacho hakikunijia hata msibani.

Mzee akanikuta pale pale.

"Mwangaluka, mwalimu," akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Umewawekea sumu?"

"Nililoweka mahindi kwenye dawa. Ningefanyaje? Zamani watoto ndio walikuwa wanalinda. Sasa wako Mwanza, na mama yao ndiyo hivyo tena. Miguu hii hainifikishi huku alfajiri."

"Na mbwa wakiwala? Na watoto wa watu wakiwaokota wakapike?"

Akaenda kuchukua jembe. Tukachimba shimo refu, tukawafukia, tukaokota na punje zilizobaki, mikono tumeivisha mifuko ya nailoni.

"Nitalinda mashamba yote mawili," nikamwambia. "Mimi nipo tu."

Akanitazama. "Kwenu hakuna anayekusubiri?"

"Hakuna, baba."

Kuanzia siku hiyo alikuja jua likishapanda, na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akiwa amevichemsha mwenyewe. Tulikula bila maneno mengi. Kanga waliosalia walikuja wachache, nikapiga debe, wakakimbilia vichakani.

Mahindi yakaota, yake na yangu, na palipokuwa na mapengo nikarudishia mbegu. Miche ilipokomaa kiasi cha kutofukuliwa, mzee akasema, "Asante sana, mwalimu. Sasa pumzika." Akachukua bakuli lake, akaondoka polepole.

Nikarudi nyumbani. Nilikaa kitandani na viatu vyangu vya matope, mchana kweupe, sijui niende wapi.