Siku Niliyomtoa Mzee wa Watu Dirishani

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe. Mpaka leo nikipita Kisiba na pikipiki yangu kuna watoto wananiita Mama Dirisha, nami nawapungia mkono tu, maana nitafanyaje, jina limeshanasa. Nawasimulia ninyi kwa sababu ni wenzangu, na pia (nisifiche) kwa sababu mwisho wake naupenda.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye mratibu wa mtandao wa zahanati na vituo vya afya vya hapa Rungwe vinavyofanya utafiti kwa pamoja: swali likizuka Matwebe linaulizwa na Msasani na Kisiba kwa namna ile ile na kipimo kile kile, halafu tunakaa chini, manesi na waganga, tunayasoma majibu yetu wenyewe badala ya kumsubiri mtu wa mbali aje atueleze sisi ni nani. Zamani kila zahanati ilikuwa na mambo yake. Niliwazungukia mmoja mmoja, na hii mvua ya Tukuyu isiyojua likizo, nikabembeleza mpaka wakakubali, na nikisema najivunia sitanii, najivunia kuliko hata nyumba yangu ya kule kwetu Singida (ambayo haijaezekwa, lakini hayo tuyaache).

Sasa katika fahari zangu zote, kubwa kuliko zote ilikuwa Jumatano. Mimi ndiye niliyebuni kwamba wazee wa presha na akina mama wenye watoto wa kupima uzito waje wote siku moja, ili mkusanya takwimu aende safari moja, anyeshewe mara moja, arudi na kila kitu. Hakuna mkutano niliosimama nisiisifie Jumatano yangu.

Tatizo likawa Kisiba. Mama akija mara moja, harudi. Watoto hawapimwi, utafiti wetu wa lishe pale umejaa mapengo, mpaka wakubwa wa mkoani wanaotushika mkono wakasema wanakuja kujionea, na wakikuta hali ni hiyo, Kisiba itolewe kwenye mtandao. Kutolewa maana yake mizani mpya inaondoka, mashine ya presha inaondoka, na Nesi Mwanaidi, mfawidhi wa pale, anabaki na sifa ya uvivu. Huyo ni binti wa Lindi, kapangiwa kazi huku hata baridi hajaizoea, na alikuwa ameshanililia kwenye simu, "Dada Mratibu, nikiwauliza kwa nini hawaji, leo walikuwa shambani wanachuma chai, kesho walikuwa msibani. Sijui nimewakosea nini." Nikamwambia tulia mdogo wangu, Jumatano ijayo nakuja mwenyewe, wageni watakuta zahanati imefurika.

Na ikafurika kweli, maana nilipita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kijiji, mpaka sauti ikanikauka. Wazee walikaa barazani, mbele. Akina mama wakajibanza nyuma kabisa, karibu na migomba. Niliwaona, nikadhani wanatafuta kivuli (kivuli gani, na jua lenyewe halikuwepo).

Gari la wageni linatokeza tu, mvua ikamwagika. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa: nikasema wote waingie chumba kikubwa, wazee benchi hili, akina mama benchi lile, tukae kama ndugu. Mwanaidi hakuona ubaya, mimi sikuona ubaya, tukawaingiza wazee kwa mlango wa mbele na kuwaita akina mama kwa mlango wa nyuma.

Akina mama wakafika mlangoni, wakagoma. Mmoja akageuza uso, mwingine akavuta kitenge mpaka usoni, wa tatu nikauona mgongo wake tu na mtoto juu yake, anakatiza migombani kwenye mvua. Nje nasikia milango ya gari inafungwa, na mimi chumba changu kinavuja watu! Nikamwahi Mama Gwamaka, dada mmoja mwenye nguvu zake, mtoto kambeba mgongoni, nikamshika mkono na kumvuta ndani huku namwambia, "Njoo mama, usiogope, leo hakuna sindano."

Kumbe kwenye benchi la wazee, Mzee Mwakajila, aliyekuwa anapiga soga vizuri tu, amenyamaza ghafla. Akalivuta koti lake likafunika kichwa chote, akageukia ukuta, akajikunja. Nikamwita, kimya. Nikamwita tena, akazidi kujikunja na kutetemeka. Mimi ni nesi wa siku nyingi, sihitaji kuambiwa: kiharusi. Na wageni ndio wanaingia! Nikapiga kelele, "Kiharusi! Mlazeni chini!" Nikamkamata mabega, Mwanaidi akashika kiuno, na kwa kuwa mzee ana mwili wake, nikamgeukia Mama Gwamaka, ambaye alikuwa amejibandika ukutani kajifunika kitenge, nikamwambia, "Wewe mama, acha kushangaa, shika miguu!" Hakusogea. Basi mimi, kwa mkono wangu huu, nikauchukua mkono wake na kuuweka kwenye mguu wa mzee.

Ule ukelele sitausahau. Mama Gwamaka aliruka kama amekanyaga kaa la moto, akatokomea na mlango wa nyuma. Na mgonjwa wangu wa kiharusi, mzee aliyekuja kwa mkongojo, akanisukuma pembeni, akapanda benchi, akatoka dirishani. Dirishani, jamani! Tukasikia puu kwenye matope, kisha mtu anakimbia. Mkononi nimebaki na koti.

Mkuu wa msafara akanitazama, akalitazama koti, akauliza taratibu kabisa, "Mratibu, huu ndio utaratibu wenu?"

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni Mama Tusekile, mmoja wa wageni wale wale, mzaliwa wa hapa hapa Rungwe. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mwe bandu, enyi watu! Mratibu, umemshikisha mtu mguu wa baba mkwe wake!" Alipopata pumzi akatueleza kwamba katika familia za kizamani za huku mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawapishani njiani, hawakai chini ya paa moja, na si uadui, ni heshima. Yule dada asingeweza kumweleza mgeni kwamba amemkimbia baba mkwe, maana hata kumtaja ni shida. Kutaja chai na msiba ni rahisi zaidi.

Ndipo nikaelewa. Haikuwa chai, haikuwa msiba, wala haikuwa Mwanaidi. Ilikuwa Jumatano. Jumatano yangu! Mwanaidi kasimama pembeni kainamisha kichwa, anangoja hukumu, na mimi, pamoja na kiburi changu chote, sikuweza kumwacha aibebe. Nikasema mbele ya wote, "Mkitafuta aliyeharibu Kisiba, ni mimi. Siku hii niliipanga mimi, na sikumuuliza mtu." Nikampigia simu hapo hapo mwenzetu wa Matwebe, nikaweka spika wote wasikie, na yeye bila wasiwasi akajibu, "Sisi wazee tunawaita asubuhi, akina mama mchana. Kwani ninyi hamfanyi hivyo? Nilidhani kila mtu anajua."

Mkuu wa msafara akatupa muda. Mimi nikalifua lile koti, nikalipiga pasi, nikachukua jogoo, nikaenda na Mama Tusekile kuomba radhi. Mzee alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. "Ndaga, mwanangu, asante. Sijaumia. Ila presha msinipime tena mwaka huu, mmeona wenyewe nilivyokimbia." Tukacheka wote, halafu akawa hacheki. Akauliza, "Na mjukuu wangu je, mlimpima?"

Hatukuwa tumempima. Hakuwa amepimwa tangu nilipoanzisha Jumatano.

Akina mama wakapewa Ijumaa yao, na Ijumaa ya kwanza benchi halikutosha. Gwamaka tulimkuta amepungua, si vizuri hata kidogo, na ningechelewa kidogo tu na sifa zangu nisingekuwa na uso wa kuwasimulia haya. Mwanaidi akamshikia bango yeye na mama yake, uji, mayai, kupimwa tena na tena. Kisiba ikabaki kwenye mtandao, na mkutano uliofuata nikausimulia mkasa huu mwenyewe mbele ya zahanati zote, na dirisha ndani yake, wakanipigia makofi mpaka nikaona haya upya. Nimeapa: sipangi tena siku ya mtu kabla sijamuuliza yeye anakutana na nani na anamkimbia nani.

Na Mzee Mwakajila siku ya Ijumaa haigusi kabisa njia ya zahanati. Anajifungia kwake mpaka mkwewe apite kwenda na kurudi. Akisikia pikipiki yangu huniuliza kutoka ndani, bila kufungua mlango, "Gwamaka kaongeza?" Nami nasimama barabarani, najaza kifua, naita kijiji kizima kisikie, "Kaongeza, baba!"