Ukanda wa Wangwe

Katika kata ya Nyanungu hakuna anayemfikia Wangwe kwa kutoa damu ya ng'ombe ya kunywa, na atakuambia hivyo mwenyewe hata kama hukumuuliza. Anamfunga dume shingoni kwa ukanda wa ngozi mpaka mshipa unatuna, anaupiga mshale mfupi wenye kizuio, damu inaruka kwenye kibuyu. Kisha anafungua upesi, na dume linarudi kula majani. Kuchelewa kufungua ni aibu. Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, nimepangiwa huku kutoka Ruvuma, na kusema kweli mtu huyu alinichosha kwa majigambo kabla sijampenda.

Mwaka juzi koo mbili zilipigania malisho. Walianza kwa mawe, wakaingia kwenye mishale, wakamalizia kwa mapanga. Waisiko, mdogo wake Wangwe wa tumbo moja, alikatwa paja na kijana wa upande wa pili aitwaye Deus, panga likazama hadi mfupa ukaonekana. Wangwe alimburuta ndani ya mahindi, akavua ukanda wake, akaufunga pajani, juu kidogo ya jeraha, na kuukaza kwa kijiti. Damu ikakoma. Hapo alimwokoa ndugu yake, na simruhusu mtu aseme vingine.

Shida ilikuwa njia. Wapiganaji waliziba barabara kwa magogo, na bodaboda mmoja aliyejaribu kupenya alipasuliwa kichwa. Saa saba nzima zilipita kabla mkokoteni wa Wangwe haujafika kwangu. Mguu wa Waisiko ulikuwa mweusi na wa baridi, lakini akili zake zilikuwa timamu, maana alikuwa akiutukana ukoo wa Deus, mmoja mmoja kwa jina.

"Ukanda huo asiuguse mtu," nikasema, nikatoka kwenda kupiga simu ya gari la wagonjwa. Sikueleza kwa nini. Kosa hilo ni langu, na linaniuma mpaka leo.

Wangwe alibaki akiutazama mguu. Ukanda uliochelewa kufunguliwa ulimtia aibu, na mateso ya mdogo wake yalimshinda. Akaufungua. Niliporudi, Waisiko alikuwa anatabasamu.

"Afadhali, kaka," alisema. "Nasikia joto linarudi."

Haikufika dakika tano macho yakamgeuka, mwili ukaruka mara mbili kitandani. Nilimkandamiza kifua mpaka nikasikia mbavu zikivunjika chini ya viganja vyangu. Alikufa mchana kweupe, ukanda ukining'inia mkononi mwa kaka yake.

Wiki ya pili Wangwe alirudi na panga. "Daktari, ulimdunga nini mdogo wangu?" Akalishusha mezani kwa nguvu, likanasa kwenye ubao karibu kabisa na vidole vyangu. Sijui ujasiri niliutoa wapi, lakini nilimshika mkono nikampeleka kwa Eugenia wa maabara.

Eugenia alijichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kioo, akamketisha Wangwe mbele ya hadubini. Seli nyekundu zilikuwa zimetulia, bapa kama visahani. Kisha akadondosha maji matupu pembeni. Zikavimba, zikawa duara, zikapasuka moja baada ya nyingine hadi hakikubaki kitu.

"Nani anaziua?" Wangwe akauliza, jicho bado liko kwenye hadubini.

"Maji," Eugenia akamjibu. "Kila seli ya nyama yako ina pampu ndogo ndogo kwenye ngozi yake. Zinasukuma chumvi moja nje na kuvuta nyingine ndani, hazipumziki. Hewa inayoletwa na damu ndiyo inaziendesha. Ukiifunga damu muda mrefu, pampu zinazimika, maji yanaingia, seli inavimba na kuchanika. Chumvi iliyokuwa ndani inamwagika. Fikiria mguu mzima."

"Na ukanda unaizuia isipande."

"Ukifungua, inakwenda moja kwa moja kwenye moyo. Ikizidi pale, moyo unasimama."

Wangwe aliinua kichwa. "Na kama ningeuacha?"

Nilimjibu mimi. "Tungeukata mguu juu ya ukanda. Angekuwa hai."

Mwanaume huyo alilia kwa sauti, wagonjwa wakaja kuchungulia mlangoni. Aliondoka bila panga lake.

Mwaka huu vita vikarudi. Deus alivunjwa goti kwa rungu na kukatwa chini yake. Wenzake wakamfunga paja kwa kamba ya ng'ombe asubuhi, wakazidiwa, wakamwacha korongoni. Aliyemkuta alasiri ni Wangwe. Akampakia, akamleta.

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Nilikuwa nje na simu sikioni, na kupitia dirishani niliwaona wawili hao peke yao. Deus alikuwa akipiga kelele, "Nifungulie, mura! Nakuomba, nifungulie!" Mkono wa Wangwe ulikuwa juu ya fundo. Nilielewa. Ilimtosha kulegeza tu. Deus angemshukuru, kisha angekufa, na watu wangesema alimhurumia. Nikabaki pale pale dirishani na simu yangu.

Deus alipoona fundo halifunguliwi, akamrukia. Alimpiga ngumi ya mdomo, akamng'ata mkono mpaka nyama ikachanika. Wangwe alimlalia kwa uzito wake wote, viganja viwili vikilifunika fundo, damu yake ikimdondokea Deus usoni.

"Utalia mpaka uchoke," alisema. "Sifungui."

Alikaa hivyo mpaka gari likafika.

Deus alikatwa mguu akapona. Siku hizi anazunguka mnadani kwa magongo akitangaza kwamba Wangwe alikataa kumfungulia makusudi ili mguu uoze, na wengi wanamwamini. Nilikasirika nikataka kwenda kumweleza mbele ya watu. Wangwe alinizuia, huku anakuna kovu la meno mkononi.

"Mwache atukane, daktari," alisema. "Waisiko naye alipenda sana kutukana."