Mama Mengineyo na Makoti ya Madiwani

Kila mwezi kikao cha baraza la mji kilikufa kwa njaa.

Asubuhi kilianza vizuri. Madiwani waliingia ukumbini na makoti yao, wakasimama mwenyekiti alipoingia, wakakaa. Karani alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Yakafuata yatokanayo. Ikafuata taka. Ikafuata mifereji. Wakaja mbwa wanaozurura, na hapo kila diwani alikuwa na la kusema, maana mbwa hapigi kura. Mchana ukabisha hodi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikavuka barabara kutoka mgahawani, ikaingia dirishani, na viti vikaanza kulia. Mmoja akatoka kupokea simu. Mwingine akatoka kunyoosha miguu. Hawakurudi. Karani alipohesabu vichwa, akidi ilikuwa imevunjika: waliobaki hawatoshi kuamua jambo. Mwenyekiti akafunga kikao.

Jambo la mwisho kwenye ajenda halikufikiwa kamwe. Jambo hilo liliitwa Mengineyo.

Na diwani wa sokoni, mambo yake yote yalitupwa huko.

Alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwake, mkabala na lango la soko, na wanawake wa sokoni ndio waliomsukuma agombee. Walisema, "Huyu ametupima viuno sote na hajamtangaza mtu. Huyu anafaa." Akagombea, akashinda, akaendelea kushona.

Aliyempa jina la Mama Mengineyo ni diwani wa stendi. Mzee mwembamba, mkali, aliyezijua kanuni za baraza kama wenzake wanavyojua majina ya wajukuu zao. Na yeye walimwita Bwana Taratibu. Ndiye aliyepanga ajenda.

"Mama Mengineyo," alimwambia kila mwezi, "leo una lipi tena?"

"Lilelile, baba."

"Choo?"

"Choo."

"Choo si ajenda, mama. Choo ni mengineyo."

Watu wakacheka. Naye akacheka nao. Jina la utani halichubui ngozi.

Lakini choo hakikuwa kichekesho. Soko zima lilikuwa na choo kimoja, na mlango wake ulikuwa gunia. Wanaume walikitumia hivyohivyo. Wanawake walikwenda nyuma ya ghala, wawili wawili, mmoja akichuchumaa na mwingine akitazama njia. Dada yake Mama Mengineyo aliuza nyanya pale. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, hawezi kuchuchumaa nyuma ya ghala watoto wa watu wakipita. Basi akaacha kunywa maji. Tangu alfajiri mpaka anafunga meza jioni, hata tone. Jua linamchoma, midomo inakauka, yeye anauza nyanya zilizojaa maji.

Mwisho akaugua. Mkojo ukawa unamchoma kama pilipili. Nesi akamwambia, "Mama, dawa yako ni maji. Kunywa mchana kutwa."

Dada akacheka mpaka akashika ubavu. "Ninywe, halafu niende wapi, mwanangu?"

Usiku ule mdogo mtu alikaa kitandani pa dada yake. Akamwambia, "Dada, utakunywa maji mchana, tena sokoni, kabla baraza hili halijavunjwa."

"Usiniahidi mambo ya serikali," dada akasema. "Niahidi gauni."

"Gauni utapata. Maji pia."

Baraza lilikuwa limebakiza miezi michache. Kisichoamuliwa kingekufa nalo. Na yeye hakuwa na nia ya kugombea tena. Macho yalikuwa yameanza kugoma kutunga uzi, na magoti nayo yalikuwa na baraza lao.

Sasa, kulikuwa na kanuni moja ya zamani pale ukumbini. Diwani mwanamume aingie na koti, na wakati wa kupiga kura awe amelivaa na kulifunga. Nani aliiweka, hakuna aliyekumbuka. Feni ya ukumbi ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo wakishaketi tu, makoti yalivuliwa yakaning'inizwa kwenye viti, yakingoja kura.

Siku moja koti la diwani mwenye bucha lilinasa kwenye msumari. Kifungo kikaruka, kikabingirika, kikaja kulala karibu na kiatu cha diwani wa sokoni. Sindano ilikuwa mkobani. Hakutoka nyumbani bila sindano. Akaomba koti, akaanza kushona huku wenzake wakijadili mbwa.

Mchana, mwenye bucha akainuka aondoke. Akatazama kiti chake. Koti halipo.

"Mama, koti langu."

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Bado fundo."

Mwenye bucha akakaa. Hawezi kwenda mgahawani na shati lenye jasho mgongoni, mtu mzito kama yeye. Akakaa, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba baada ya mbwa kulikuwa na maji taka, na baada ya maji taka kulikuwa na taa za barabarani.

Mama Mengineyo alikata uzi kwa meno. Aliona: asiye na koti hatoroki.

Kikao kilichofuata alikuja na mfuko mkubwa. "Wenye bitana zilizochanika, leo nina uzi mweusi. Wenye mifuko iliyotoboka, nina kitambaa." Cha bure humwamsha hata aliyezimia. Makoti yakaja. Mwezi baada ya mwezi yakaongezeka, na mwezi baada ya mwezi kikao kilichelewa kufa. Kilifika kwenye taa za barabarani. Kikafika kwenye kibali cha kupaka rangi ofisi. Mara moja kilifika mlangoni kabisa mwa Mengineyo, umeme ukakatika, mwenyekiti akafunga.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi baiskeli, na shati lake halikuwa na kifungo cha tatu. Majirani walimtania. Akamwuliza mkewe, "Madiwani wote umewashonea. Mimi je?"

"Wewe hukimbii, mzee wangu. Wao wanakimbia."

Hakuuliza tena.

Ikafika siku ya kikao cha mwisho. Mumewe aliosha mikono kwa mafuta ya taa, ikabaki myeusi hivyohivyo, akaenda kukaa kwenye benchi la wananchi, nyuma kabisa. Alizoea kumngoja pale warudi pamoja. Siku hiyo, kutoka nyuma, hakumwona mkewe. Aliona kilemba tu, na mbele yake mlima wa makoti.

Taka ikapita. Mifereji ikapita. Mbwa wakajadiliwa kwa mapenzi, kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho. Harufu ya vitunguu ikaingia. Watu wakanusa, wakageuka, wakatazama makoti yao. Wakatulia.

Karani akahesabu vichwa. Akahesabu tena. "Mwenyekiti, akidi ipo."

"Ipo?" Mwenyekiti akavaa miwani. "Kinachofuata nini?"

"Mengineyo, mwenyekiti."

"Mengineyo." Mwenyekiti alilitazama neno lile kama mgeni aliyemzoea kwa jina tu. "Karani, huwa tunayafanyaje haya?"

"Sijui, mwenyekiti. Hatujawahi kufika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Mengineyo akainua mkono, sindano imo. Hakuweza kusimama kwa uzito wa makoti, akaomba aseme ameketi. Akasema habari ya gunia. Akasema habari ya ghala. Halafu akasema, "Dada yangu anauza nyanya pale. Mnazila. Hanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu hana pa kwenda. Sasa anaumwa. Naomba choo cha wanawake, chenye mlango, na mlango wenye komeo. Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka.

"Naunga mkono," akasema mwenye bucha.

"Hoja ya taratibu, mwenyekiti!" Bwana Taratibu alikuwa amesimama. Yeye peke yake alikuwa na koti mwilini. Hakuwahi kumpa mama lile koti, hata siku moja. "Kanuni inasema kura hupigwa na diwani aliyevaa koti, tena limefungwa. Hawa wamekaa na mashati. Makoti yao yako mapajani mwa mleta hoja. Kura zao si kura."

Hata kule nyuma mumewe alielewa, na hakuwa mtu wa kanuni. Mkewe akiyashika makoti, hawapigi kura. Akiyarudisha, mlango uko wazi na chakula kiko ng'ambo ya barabara. Na baada ya leo hakuna kikao kingine.

Mama Mengineyo alimaliza mshono uliokuwa mkononi. Akakata uzi kwa meno. Akainuka, makoti yamejaa mikononi, akaanza kuzunguka meza.

Hakuwarushia. Alimshikia kila mmoja koti lake, mabega juu, kama mtu anavyomvisha ndugu yake anayesafiri.

"Hili nimekaza kifungo cha pili. Na wewe punguza kushiba."

"Hili bitana yake sasa mpya. Usimwambie mkeo uliniletea mimi, atanuna."

"Asante, dada."

Diwani wa mlimani alivaa lake kwanza kabla ya wengine. Huyo alikuwa bingwa wa kutoroka. Akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni, akatia mkono mfukoni kutafuta funguo. Mfuko ule ulikuwa umetoboka miaka. Mkono wake ulizoea kupita mpaka kwenye bitana, uvue funguo huko chini. Safari hii ulifika kwenye kitambaa kipya, ukakwama. Funguo zilikuwa pale pale. Alisimama na mkono ndani ya mfuko. Kisha akarudi, akaweka mkoba chini, akakaa.

Baada yake hakutoka mtu.

"Tupige kura," akasema mwenyekiti.

"Bado," akasema mwenye bucha. "Kanuni inasema limefungwa. Bwana Taratibu, toa mkono wako hapo kifuani tukuone."

Bwana Taratibu hakutoa mkono.

"Toa, mzee. Au kanuni ni ya wengine?"

Akatoa. Koti lake halikuwa na kifungo. Kulikuwa na pini, tena yenye kutu. Sasa watu wakaelewa kwa nini miaka yote alihutubia ameshika kifua kama mtu mwenye uchungu wa nchi. Kicheko kikapanda, kibaya.

"Mwacheni," akasema Mama Mengineyo.

Mama akamwendea. Alijua habari za pini ile siku nyingi. Jicho la fundi halifichwi pini. Lakini mgane hana wa kumsemea, na huyu mkewe alikuwa amefariki zamani, wala hakuwa mtu wa kuomba. Akachagua kifungo kwenye mfuko wake, akapiga magoti yale yanayouma, akamshonea hapohapo akiwa amelivaa.

"Unanishonea nikupinge?" mzee akanong'ona. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, wakasikia wote.

"Upinge ukiwa umevaa vizuri, baba. Usitikisike, nitakuchoma."

Hakutikisika.

Kura zikapigwa. Wanaokubali, mikono ikapanda pande zote, vifungo vyote vimefungwa. Wanaopinga, ukapanda mmoja, mwembamba, umenyooka kama kawaida. Mama Mengineyo alimtazama akatabasamu, kwa vile kazi yake ilikuwa imekaa sawa kifuani.

"Hoja imepita," akasema mwenyekiti. Kisha madiwani wote wakakimbilia mgahawani, na hakuna wa kuwalaumu.

Nje mumewe alimpokea mfuko.

"Umechoka?"

"Kidole tu. Nilisahau kastabini."

Bila kastabini ya kukinga ncha, sindano ilikuwa imemtoboa mara nyingi. Mumewe alikishika kile kidole mpaka nyumbani, kwa mkono wake mweusi wa mafuta.

Choo kilijengwa. Siku ya kufunguliwa Mama Mengineyo hakutaka kukata utepe. Aliingia, akafunga komeo, akafungua, akafunga tena. Akatoka. "Linashika," akasema.

Aliishi baada ya hapo msimu mmoja wa mvua na nusu ya wa pili.

Siku ya kumzika, Bwana Taratibu alikuja na fimbo, na koti lilelile. Alikaa peke yake mwisho wa mstari wa viti. Mume mfiwa alipompa mkono, aliona kifungo. Bado kipo. Mzee aliona alichotazama.

"Sikumpigia kura," akasema.

"Alijua."

"Na bado akanishonea."

"Alijua," mfiwa akarudia.

Baada ya siku kadhaa shemeji mtu, yule dada muuza nyanya, alimwita sokoni. Alikuwa amemwekea nyanya. Ilikuwa mchana, jua kali. Akamtazama shati.

"Shemeji, leta nikushikizie hicho kifungo. Watu watasema huna mtu."

"Acha kwanza."

Dada hakumlazimisha. Akavuta kigoda, akamkalisha kivulini mwa meza. Akatoa jagi chini ya nyanya, akajaza bilauri, akampa. Akajaza ya pili, yake. Akainywa mbele yake polepole, mchana kweupe, mpaka ikaisha. Kisha akajaza tena.